Kutoka Shahamu Hadi Grisi

Kwetu Ole kuna maneno matatu kwa kitu kimoja kinachoteleza. Mzee aliyepata kufanya kazi ya majahazi atasema shahamu. Fundi wa baiskeli au wa gari atasema grisi. Mtoto aliyetumwa dukani na kusahau jina aliloambiwa atasema "mafuta mazito", na muuzaji atamwelewa. Neno la kwanza tumelipata kwa Waarabu, la pili kwa Waingereza, na la tatu tumelitunga wenyewe. Mwanafunzi wa historia akiona kitu kidogo hivyo kimebeba majina matatu, hujua kwamba kimepita mikono mingi kabla ya kufika kwake.

Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu mashine za kukoboa mpunga katika vijiji vya kati vya Pemba. Nilipoanza, nilidhani nitasoma habari za injini: nani alinunua ya kwanza, ililetwa na chombo gani, ilikoboa mpunga wa nani. Hayo nimeyapata kwa sehemu. Lakini kila mzee niliyemhoji alinirudisha kwenye jambo jingine. Kwao historia ya mashine ilikuwa historia ya kufa kwake, na sababu iliyotajwa mara kwa mara ilikuwa beringi. Nikiuliza beringi iliuliwa na nini, jibu lilikuwa fupi: ukavu, au mchanga. Kwa maneno mengine, ilikosa grisi, au ilipata grisi mbaya. Kwa hiyo nimelazimika kuisoma historia ya grisi, nayo imenipeleka mbali na Ole zaidi ya nilivyotarajia.

Nianze na shahamu. Kabla ya injini yoyote kufika katika bahari yetu, mashine kubwa ya mwambao ilikuwa jahazi, na jahazi halikuishi bila mafuta. Mbao za juu ya maji zilipakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, yenye harufu ambayo waliowahi kuinusa hawaisahau. Sehemu ya chini, inayokaa ndani ya maji, ilipakwa mchanganyiko wa shahamu ya mnyama na chokaa, ili maji yasipenye na wadudu wa baharini wasitafune mbao. Kazi hiyo haikufanywa mara moja ikaisha. Chombo kilipandishwa pwani, kikakwanguliwa, kikapakwa upya, na msimu mwingine kikarudiwa tena. Kukipandisha nako kulihitaji magogo ya kukiviringishia, na ndiyo maana wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Methali hiyo huifundisha skuli kama nasaha ya maisha, lakini asili yake ni maarifa ya kazi: kizito hakisogei mpaka msuguano upunguzwe.

Maarifa hayo ni ya zamani. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia aliyepita bandari ya Aidhab kwenye Bahari ya Sham mwaka 1183, aliandika kwamba vyombo vya huko vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha vikapakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na ya papa ndiyo yaliyokuwa bora. Vyombo vya kushonwa vilijulikana pia katika mwambao wetu kwa karne nyingi. Bahari ilikuwa moja, na maarifa ya kupaka mafuta yalisafiri na vyombo vyenyewe.

Sasa tazama kilichomo ndani ya shahamu ya majahazi: mafuta ya mnyama na chokaa. Mwanakemia atakwambia kwamba mafuta yakikutana na chokaa iliyolowa, sehemu yake hugeuka kuwa aina ya sabuni, ngumu na isiyoyeyuka majini. Grisi za kwanza za viwandani huko Ulaya na Marekani, katikati ya karne ya 19, zilitengenezwa kwa njia ya jamaa na hiyo: mafuta yaliyofanywa mazito kwa sabuni ya chokaa, yakapakwa kwenye ekseli za mikokoteni na mabehewa. Hata leo grisi si mafuta matupu. Sehemu yake kubwa ni mafuta, na sehemu ndogo ni sabuni inayoyashika mafuta hayo kama sifongo inavyoshika maji, ikiyaachia kidogo kidogo pale beringi inapozunguka. Sisemi kwamba mafundi wa majahazi wa Pemba waligundua grisi. Wao walitaka kuzuia maji, na wenzao wa Ulaya walitaka kupunguza msuguano. Ninachosema ni kwamba fundi wetu wa mwaka 1800 angeonyeshwa kopo la grisi ya chokaa asingelishangaa. Angelipaka kidoleni, akalinusa, na kuuliza bei.

Lugha yenyewe inalijua jambo hili. Neno shahamu limetokana na Kiarabu, na katika Kiarabu cha leo mzizi huohuo ndio unaotumika kwa kutia grisi mashine. Ndugu zetu waliohamia Oman hulikuta kila siku kwenye mabango ya gereji: tashhim. Kiswahili kililiacha neno hilo pwani pamoja na majahazi, na fundi wa magari akachukua la Mwingereza.

Karne ya 19 ndiyo iliyogeuza mambo. Viwanda vya Ulaya na Marekani vilipoanza kuzunguka, kiu yao ya mafuta haikuwa na mwisho. Mafuta ya petroli yalikuwa hayajaanza kuchimbwa kibiashara. Kisima mashuhuri cha Pennsylvania kilichimbwa mwaka 1859. Kabla ya hapo, na kwa muda baadaye, mashine zililainishwa kwa mafuta ya nyangumi, shahamu ya ng'ombe na mafuta ya mimea. Mawese ya Afrika Magharibi yalipakwa kwenye ekseli za mabehewa ya Uingereza. Meli za wawinda nyangumi kutoka Marekani zilikuwa zikitia nanga Unguja, na mkataba wa biashara baina ya Marekani na Sayyid Said ulisainiwa mwaka 1833. Wafanyabiashara wa Ufaransa walinunua ufuta wa mwambao na kuupeleka Marseille, mji wa sabuni. Katika Mji Mkongwe wenyewe kulikuwa na vinu vya kukamulia ufuta vilivyozungushwa na ngamia.

Mchikichi, mti wa mawese, unaota Pemba hadi leo, hasa kwenye mabonde yenye maji. Bibi yangu alijua kuyakamua mafuta yake, na aliyatumia kwa mambo matatu: kupikia, kupaka mwili, na kunyamazisha gari la ng'ombe. Hilo la tatu hakulihesabu kuwa ufundi. Gari likilia barabarani watu husema mwenyewe ni mvivu, basi ikabidi lipakwe. Ekseli za magari hayo zilikuwa za mti, na mti ukisuguana na mti hulia mpaka ng'ambo ya bonde. Leo magari mengi ya ng'ombe yana ekseli na beringi za gari bovu lililochinjwa, na mawese hayafai tena. Beringi ya chuma inayozunguka kwa nguvu inataka grisi yenye uzito maalumu, isiyoyeyuka kwa joto wala kuoshwa na mvua.

Hapo ndipo mwelekeo ulipogeuka. Kwa miaka mingi mwambao uliuza mafuta nje ili mashine za watu zizunguke. Mafuta ya ardhini yalipochukua nafasi, tukaanza kununua: kwanza meli na injini, kisha mafuta ya kuziendeshea, kisha grisi. Sayyid Barghash, aliyepoteza meli zake kwa kimbunga cha Aprili 1872, alijengewa meli ya mvuke iliyoitwa Glasgow mwaka 1878. Kimbunga hichohicho kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu duniani. Karafuu zilihitaji kusafirishwa, na usafiri ukaleta meli za mvuke, malori na barabara. Kila kimojawapo kilikuja na viungio vinavyosuguana, na kila kiungio kilitaka mtu wa kukitia mafuta.

Mwanzoni kazi hiyo ilifanywa kwa kijiti, kwa kidole, au kwa vikombe vidogo vilivyofungwa juu ya kiungio na kukazwa kwa mkono. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo ilipobuniwa bomba la kusukuma grisi kwa shinikizo kupitia chuchu ndogo ya chuma, na miaka ya 1920 mvumbuzi mzaliwa wa Vienna, Oscar Zerk, akaiboresha chuchu hiyo hadi ikawa tunayoiona leo chini ya kila lori. Mwaka 1942 Mmarekani Clarence Earle alipata hataza ya grisi ya sabuni ya lithiamu, inayostahimili maji na joto kwa pamoja, na aina hiyo ndiyo iliyoenea kuliko zote. Kisha ikaja katriji: bomba la plastiki au karatasi ngumu lenye kiasi cha gramu 400 za grisi, lililofungwa pande zote mbili. Unalifungua, unalitumbukiza ndani ya bomba la kusukumia, springi inaisukuma grisi mbele, na kazi inaanza.

Kwa macho, katriji ni takataka ya gereji tu. Lakini faida yake kubwa ni kitu kisichoonekana: usafi. Grisi ya kopo lililo wazi hukusanya vumbi kila kifuniko kinapoinuliwa. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye beringi haitoki. Grisi inaishika, inaizungusha, na pamoja huwa kama msasa. Grisi iliyochafuka inaweza kudhuru kuliko kukosa grisi, kwa sababu mwenye mashine anaamini amekwisha kuihudumia. Katriji iliyofungwa inafika kwenye chuchu bila kuguswa na hewa ya nje. Ukiifuta chuchu kwa kitambaa kwanza, mchanga hauna njia.

Mfano mkubwa wa kile mchanga unachoweza kufanya uko Tanganyika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga uliolenga zaidi ya ekari milioni 3, na Kongwa ikawa kituo cha kwanza. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yakiwa mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa ulikuwa na chembe ngumu zenye kukwaruza, na kiangazi ulikauka kama saruji. Karakana zilikuwa haba, vipuri vilichelewa, na madereva wengi walikuwa hawajapata mafunzo ya kutosha. Matrekta yalikufa haraka kuliko yalivyoweza kutengenezwa. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na hasara ikahesabiwa kuwa kiasi cha pauni milioni 36. Vitabu hutaja mvua kidogo na mipango mibovu, na ni kweli. Lakini ndani ya mipango hiyo kulikuwa na dhana moja ambayo bado tunaishi nayo: kwamba mashine ikishafika, kazi imekwisha.

Nirudi Ole. Ami yangu ana mashine ya kukoboa mpunga. Zamani iliendeshwa kwa injini ya dizeli. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 70, kwa msaada wa Norway. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Umeme ulipotulia, ami aliiuza injini akafunga mota. Watu walidhani matengenezo yamekwisha, kwa kuwa mota haina moshi wala oili ya kubadilisha. Ami hakudhani hivyo. Mota ina beringi mbili, mashine yenyewe ina zake, na kila moja inataka kulishwa.

Msimu mmoja wa mavuno beringi ya mashine ilikwama. Ami alikuwa amenunua grisi ya kupimiwa, ile inayochotwa kwenye ndoo dukani na kufungwa kwenye karatasi. Tulipoifungua beringi, grisi ilikuwa nyeusi, na ukiisugua baina ya vidole ilikwaruza. Beringi mpya ilibidi iagizwe Unguja. Kwa siku tisa kinamama waliokuwa wamepanga foleni walirudi nyumbani na magunia yao, na vinu vilivyokuwa vimegeuzwa vigoda vikasimamishwa tena. Usiku ule nilisikia mchi ukitwanga kutoka nyumba tatu au nne. Kuna watu wangeandika kwamba ni sauti nzuri ya utamaduni. Mama yangu alikuwa akitwanga mpunga wa kula kesho, baada ya kutwa nzima bondeni, na mkono wake wa kulia hauinuki vizuri tangu zamani.

Hiyo ndiyo gharama ya grisi chafu, na haiandikwi popote. Katriji moja ni ghali kuliko grisi ya kupimiwa, na inataka bomba la kusukumia ambalo nalo ni pesa. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo hununua kidogo kidogo, na huilipa tofauti yake kwa beringi. Beringi ikifa, hasara haibaki kwa mwenye mashine. Inahamia mabegani mwa wanawake.

Baada ya tukio hilo ami aliungana na wenye mashine wengine wawili wakanunua bomba moja la kusukumia na katriji za kugawana. Pia alianza kuandika. Ana daftari la skuli lenye mistari, na kila ukurasa una safu nne: tarehe, beringi ipi, amesukuma mara ngapi, na nani amefanya. Nilimwuliza kwa nini anahesabu.

"Mwanangu, grisi ni kama chakula cha mgonjwa," akasema. "Kidogo kinamuua na kingi kinamuua."

Ni kweli. Beringi iliyojazwa kupita kiasi hupata joto, kwa sababu vigololi hulazimika kuilima grisi badala ya kuteleza juu yake. Kwa beringi nyingi, nafasi iliyo ndani hujazwa theluthi moja hadi nusu tu. Ami hakuyasoma hayo. Aliyajua kwa kuiwekea mashine kiganja na kusikiliza joto lake. Vilevile alijifunza kutochanganya grisi za aina mbili, maana baadhi ya sabuni zake hazipatani, na zikikutana huyeyuka na kumwagika nje.

Nimetumia wiki nyingi katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Huko unaweza kusoma barua kuhusu ununuzi wa meli, bajeti za barabara, na ripoti za mwaka za idara mbalimbali. Siku ya kuzindua ina picha, na mkata utepe ana jina. Mtu aliyeshuka chumba cha injini na kopo la mafuta kila baada ya saa kadhaa, safari nzima kutoka Unguja hadi Mkoani, nimemkuta kama namba tu kwenye orodha ya mishahara. Sidhani kwamba kuna aliyekusudia kumficha. Nyaraka huhifadhi matukio, na kazi ya kutia grisi ikifanywa vizuri haizai tukio lolote. Chombo kinafika. Mashine inazunguka. Hakuna cha kuripoti.

Ndiyo maana historia yetu ya mashine imejaa mwanzo na mwisho, bila katikati. Tunajua kilizinduliwa lini na kilikufa lini. Miaka kumi au ishirini ambayo mtu fulani alikifanya kiishi haimo. Na kwa kuwa haimo, tunajifunza somo lisilo sahihi: kwamba vitu kwetu hufa kwa sababu sisi ni watu wa kuua vitu. Nimelisikia hilo kwenye daladala, kwenye baraza za kahawa, hata darasani, likisemwa na watu wa hapahapa kwa kicheko. Majahazi yaliyopakwa sifa na shahamu msimu baada ya msimu, baba akimfundisha mwana, yanasema kinyume chake. Tulikuwa watu wa matengenezo kabla ya kuwa watu wa kununua. Kilichokatika ni mnyororo wa vifaa na mafunzo, na minyororo huungwa.

Barabara mpya inapozungumzwa, vijana huzungumzia magari yatakayopita. Mimi huuliza kuhusu magreda na makatapila: nani anayatia grisi, amefundishwa na nani, na akiondoka ataachia nani maarifa hayo. Watu hunicheka, lakini baadhi yao hufikiri kidogo kabla ya kucheka.

Msimamizi wangu aliniuliza kama daftari la ami linaweza kuitwa chanzo cha kihistoria. Nilimjibu kwamba lina tarehe, lina mwandishi anayejulikana, na linaeleza kitu ambacho hakuna waraka mwingine unaokieleza. Alilipitia kurasa kadhaa, akasimama kwenye ile safu ya nne, ya nani amefanya. Kurasa za mwanzo zote ni jina la ami. Baadaye linaanza kuonekana jina la binti yake, mwenye umri wa miaka kumi na sita, kwa hati iliyonyooka kuliko ya baba yake. Kaka zake wawili wako nje ya kisiwa, na hakuna aliyemtarajia yeye kushika bomba la grisi. Katika kurasa za karibuni jina lake ndilo linalotokea zaidi.

Nimeliingiza daftari hilo katika tasnifu, sura ya tatu. Mashine imekoboa misimu minne mfululizo bila kukwama.